Kitoto Alichokimeza Abundio

Kisu kilizunguka meza kuanzia kulia, kama kila mwaka, na kila mtu alijikatia kipande chake mwenyewe ili baadaye asije akamlaumu mwenzake. Mkate wa Wafalme, ule wa tarehe sita Januari, ulitoka kwa mwokaji wa pale karibu na reli, duara, mpana kama tairi, umepambwa juu kwa matunda makavu mekundu na ya kijani ambayo hakuna anayeyala. Watu huyabandua na kuyaficha chini ya ukingo wa sahani. Na humo ndani, mahali fulani, kulikuwa na kitoto cha plastiki, cheupe, kidogo kama ncha ya kidole. Atakayekikuta kwenye kipande chake ndiye atakayewapikia tamali, vile vibumba vya unga wa mahindi vinavyofungwa majani na kupikwa kwa mvuke, siku ya Kandelaria, tarehe mbili Februari, wote waliokaa mezani pamoja na nusu ya mtaa ambao hawakukaa ila watasikia harufu.

Kwa miaka mingi kitoto kilikuwa kinamwangukia Obdulia. Obdulia ni dada mkubwa wa Hortensia, mke wa Abundio. Hakuolewa. Tangu mama yao afariki anaishi chumba cha uani, na nyumba nzima inamwita Mama Mkubwa, hata Rogaciano, kaka yao, ambaye ana mvi kumzidi. Kila kitoto kilipomwangukia, watu walimwambia ana bahati. Mtu anasimama siku mbili mbele ya sufuria, halafu anaambiwa ana bahati.

Mwaka huu alikuwa ametangaza mapema, kabla kisu hakijaanza safari.

"Nisikilizeni. Kina mama wa parokia wamekodi basi. Linaondoka tarehe moja mchana, kwenda Tlacotalpan, kuiona sanamu ya Bikira ikipandishwa mashua na kutembezwa mtoni. Kiti changu kipo. Cha dirishani. Kwa hiyo kitoto kikinijia mimi, nakirudisha kwa mwokaji."

Walicheka. Mto pekee ambao Mama Mkubwa amewahi kuuona ni huu wa hapa kwetu, ambao kiangazi mbwa anauvuka bila kulowa tumbo.

Zamu yake ilipofika akakata, akaupasua mkate wake vipande vipande mbele ya macho ya wote. Hamna kitu. Akajimiminia chokoleti ya pili, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kabla wengine hawajapata ya kwanza, akanywa taratibu huku akitazama ukutani, na ukutani hakukuwa na kitu cha kutazama.

Ndipo Abundio akang'ata kipande chake, na jino lake bovu likagonga kitu kigumu.

Abundio ni mchonga funguo. Ana kibanda sokoni, mtu mpole, hana ugomvi na yeyote, na ukiuliza mtaani watakuambia huyo hana neno. Alikihisi kile kitoto kwa ulimi: kichwa, mgongo, miguu iliyokunjwa. Akamfikiria Rogaciano na mizaha yake. Akafikiria kwamba hajui hata ile sufuria kubwa ya mvuke inakaa wapi. Hakuamua chochote. Mkono uliinua kikombe, koo likafanya kazi yake.

Mkate uliisha. Kitoto hakikuonekana. Wakapekua makombo, wakatazama chini ya meza. Yadira, binti wa Abundio, ambaye simu haimtoki mkononi, akamwandikia mwokaji. Mwokaji akajibu kwa sauti, wote wakasikia: "Nimekiweka kwa mkono wangu huu, binti. Tazameni chini ya ulimi wa mtu."

Macho yakageuka. Hayakwenda kwa Abundio. Yalikwenda kwa yule aliyekuwa na safari.

"Mama Mkubwa," Rogaciano akasema, tayari anacheka, "hebu inuka kidogo tuone umekalia nini."

Na Mama Mkubwa akainuka. Akasimama katikati ya chumba, mtu mzima wa miaka sitini, akaikung'uta sketi yake mbele ya wadogo zake, kwanza mbele, kisha nyuma. Yakaanguka makombo. Abundio alikuwa anachungulia ndani ya kikombe chake kana kwamba kuna mtu anamwita huko chini.

"Tunatania tu, dada," Hortensia akasema.

"Najua mnatania," Mama Mkubwa akasema, masikio yamemwiva. "Basi. Nitapika mimi. Yaishe."

Hakuna aliyesema hapana. Yakaisha.

Asubuhi yake, Abundio akiwa anapiga mswaki, mtoto akaanza kulia. Kilikuwa kilio cha kawaida cha kichanga, chembamba, kikitokea upande wa kushoto chini ya mbavu zake Abundio.

"Baba Yadira!" Hortensia akaita toka jikoni. "Hebu mnyamazishe huyo, naongea na simu!"

"Ni gesi," Abundio akasema.

"Gesi hailii kwa zamu," Hortensia akajibu, akarudi kwenye simu yake.

Akaenda zahanati. Daktari akamlaza, akasikiliza tumbo kwa muda, akambonyeza hapa na pale.

"Mtoto hana shida," daktari akasema. "Meno bado. Wewe punguza kahawa mchana, humwachi alale. Ulimmeza na nini?"

"Chokoleti."

"Eeh, wengi humeza na chokoleti," daktari akasema, akaita mgonjwa mwingine.

Kibandani ikawa shughuli. Mtoto alipenda mlio wa mashine ya kuchonga funguo; ikizimwa tu, analia. Abundio akajikuta anachonga funguo ambazo hazina mlango popote duniani, ili mradi apate amani. Alizitundika kwenye misumari, safu kwa safu, zinang'aa. Wateja walisubiri wakimpa ushauri. Muuza nyanya akasema achemshe maua ya kamomili. Mama mmoja akamgeuza akampiga mgongoni mpaka mtoto akacheua, na Abundio akasikia ladha ya maziwa ambayo hakuyanywa. Hakuna aliyeuliza mtoto kaingiaje. Mwezi wa Januari, mtoto tumboni mwa mwanamume anaingia kwa njia moja tu, na sokoni wote wanaijua.

Yadira alikirekodi kilio akakitupa kwenye grupu la familia. Rogaciano akajibu kwa vikatuni vinavyocheka hadi machozi. Hortensia akaweka moyo mwekundu. Binamu wa Puebla akauliza mtoto ataitwa nani. Abundio alisoma yote, ujumbe kwa ujumbe, akisubiri mtu mmoja aandike lile jambo la wazi, kwamba basi mpika tamali amejulikana. Hakuna aliyeandika. Wakahamia kwenye habari za mpira.

Aliyeweza kumtuliza mtoto ni mmoja. Jioni moja Abundio amekaa uani, tumbo linapiga kelele, Mama Mkubwa akatoka kwenye karo la kufulia, mkono bado umelowa, akauweka pale juu ya shati lake.

"Haya, haya, bwana mdogo. Kelele za nini? Nani kakuudhi?"

Mtoto akanyamaza papo hapo. Baridi ya ule mkono ikapenya shati mpaka kwenye ngozi.

"Shemeji," Abundio akasema. "Kile kitoto cha mkate..."

"Anakula?"

"Nani?"

"Nimeuliza mtoto. Anakula?"

"Nadhani anakula ninachokula."

"Basi punguza pilipili," Mama Mkubwa akasema, akarudi kwenye nguo zake. Kesho yake akaanza kufuma kigauni cheupe. Siku ya Kandelaria kila sanamu ya Mtoto Mtakatifu inapelekwa kanisani imevalishwa, na huyu naye asingekwenda uchi eti kwa sababu yuko ndani ya mtu.

Abundio alijaribu tena, na tena. Mara moja akamfuata mpaka mlangoni pa chumba chake.

"Shemeji, nataka kukuambia kitu."

"Geuka nipime mabega."

"Mabega yangu?"

"Yako ya nini? Yake. Nakadiria tu."

Akageuka. Akapimwa. Juu ya kitanda aliona mfuko wa safari, mtupu, umekunjwa vizuri, na kofia ya majani ambayo bado ina karatasi ya dukani. Hakuirudisha dukani, wala kiti chake hakikupewa mtu. Kina mama walisema basi litapita mlangoni na kupiga honi, akiwa tayari apande, asipokuwa tayari litakwenda zake. Abundio aliitazama ile kofia mpaka akaambiwa anaziba mwanga.

Jumapili ya mwisho wa Januari walikula pamoja, maharage na kuku. Mtoto akalia kwa nguvu mpaka kuongea kukawa kazi. Abundio akasimama.

"Ni mimi," akasema. "Mimi ndiye niliyekimeza. Nilikihisi kabisa mdomoni, nikakimeza. Mama Mkubwa hakukalia kitu. Tamali ni zangu, nitapika mimi. Yeye aende Tlacotalpan."

Wakaangua kicheko, Rogaciano ndiye wa kwanza, akampiga mgongoni mpaka mtoto akacheua tena.

"Shemeji! Tunajua! Mtaa mzima unajua! Mbwa wa jirani anajua!"

"Mimi nilijua palepale mezani," Hortensia akasema, anajifuta macho. "Ulivyomeza nikakuona koo limeruka kama la kuku."

"Mimi ninayo kwenye video," Yadira akasema.

Abundio akabaki amesimama. Alikuwa amebeba jiwe mwezi mzima, sasa anaambiwa ni puto. Ilipaswa apate nafuu.

"Kama mlijua," akasema, "mbona mlimwacha akung'ute sketi?"

Kicheko kikaisha kama maji ya bomba yanavyoisha, kwa kukohoakohoa. Hortensia akaanza kuokota punje za maharage zilizodondoka mezani. Yadira akailaza simu kifudifudi. Rogaciano akajitia kutafuta mkate. Mama Mkubwa alikuwa pale pale, ana bakuli mkononi, alikuwa anawaongezea.

"Haya, tuseme ukweli lakini," Rogaciano akasema mwishowe. "Wewe, Abundio. Upike tamali. Wewe? Za watu wote hao? Unga wenyewe unaujua ukiuona?"

"Nitajaribu."

"Atajaribu! Tutakula Pasaka."

"Mwacheni ajaribu," Mama Mkubwa akasema. Akaweka bakuli mezani, lilikuwa halijaisha, akaenda chumbani kwake. Wakasikia zipu ya mfuko ikifunguliwa.

Tarehe moja asubuhi Abundio alivaa aproni ya mkewe. Ule unga wa mahindi unapigwa pamoja na mafuta ya nguruwe, unapigwa na kupigwa, mpaka hewa iingie. Kujua kama umeiva unachukua kidonge kidogo unakidondosha kwenye bilauri ya maji. Kikielea, funga tamali zako. Kikizama, rudi kazini. Hakuna ujanja hapo.

Akapiga, akadondosha. Kikazama.

Akapiga tena mpaka bega likawaka. Kikazama.

"Baba, kuna mtu hapa mtandaoni anasema uongeze supu," Yadira akasema, anasoma na kurekodi kwa wakati mmoja.

Akaongeza supu. Kikazama haraka zaidi. Vidonge vikajazana chini ya bilauri, vinamtazama kama macho ya samaki. Mtoto tumboni naye akaanza. Hortensia alisimama mlangoni amekunja mikono.

"Mama Yadira, nisaidie basi."

"Mimi? Mimi sijui. Tangu mdogo aliyefundishwa ni dada."

"Na wewe kwa nini hukufundishwa?"

Hortensia akafikiri. Ilionekana ni swali ambalo halijawahi kumpitia. "Kwa sababu dada alikuwa anajua," akasema.

Rogaciano alikuwa amekuja kuonja. Alikaa, akala ndizi.

Mlango wa chumba cha uani ulikuwa wazi. Mama Mkubwa alikaa ukingoni mwa kitanda, gauni la bluu, kofia kichwani, mfuko umesimama pembeni ya miguu. Hakutazama jikoni hata mara moja. Alikuwa anatazama geti, magoti yamebanana, kama mtu aliyekwisha kaa kwenye kiti cha basi.

Mchana honi ikalia.

Wote jikoni wakageuka. Hakuna aliyetazama barabarani. Walimtazama yeye. Hakuna aliyemwambia abaki, hilo liwekwe wazi, na ukimuuliza Rogaciano hadi leo atakuapia hivyo. Mama Mkubwa akasimama, akachukua mfuko, akavuka ua. Njia ya kwenda getini inapita mlangoni pa jikoni, nyumba ndivyo ilivyojengwa.

"Safari njema, dada," Hortensia akasema. Halafu akasema: "Ila hebu tia mkono kidogo tu. Uone unakosa nini. Halafu ukimbie."

Mama Mkubwa akatazama lile beseni. Akamtazama Abundio, unga mpaka kwenye nyusi, tumbo linalia. Abundio alikuwa na neno moja la kusema. Neno lenyewe ni fupi, ni *nenda*, mtoto mdogo analiweza. Alilihisi mdomoni kabisa, kichwa chake, mgongo wake, miguu yake.

Akameza mate.

Mama Mkubwa akaweka mfuko kwenye kiti. Akavua kofia, akaiweka juu ya mfuko. Akakunja mikono ya gauni la bluu, akachovya mkono kwenye maji baridi, akaingia kwenye beseni. Akaongeza kijiko cha mafuta. Akapiga, na mlio ukabadilika, ukawa wa makofi mazito ya mtu anayejua anakokwenda. Honi ikalia tena. "Nakuja," akasema, ila alilisema kwa sauti ya chini, kama analiambia beseni. Akachota kidonge, akakidondosha.

Kikaelea. Kikazunguka mara moja juu ya maji na kutulia.

Wakashangilia. Yadira alilipata lote kwenye video: kidonge, mkono, na kwa nyuma mngurumo wa basi likibadilisha gia pale konani. Ukiitazama vizuri hiyo video utamwona Abundio naye anapiga makofi. Mikono yake imejaa unga kwa hiyo haitoi sauti.

Kesho yake walikwenda kanisani. Watu walikuwa wamepakata Watoto wao wa udongo na wa mbao, wamevaa hariri na vitaji. Abundio alisimama kwenye foleni, kigauni cheupe kimebanwa kwa pini juu ya shati lake, kofia yake ndogo ya kufuma ikining'inia karibu na kifungo cha tatu. Kilimkaa sawasawa. Padre akamnyunyizia maji ya baraka tumboni, mtoto akapiga chafya.

"Mama wa ubatizo nani?" padre akauliza.

Nyuma kabisa, karibu na mlango, Mama Mkubwa akainua mkono.

Tamali zilitoka laini. Za pilipili ya kijani, za mchuzi mwekundu, na nyingine tamu zenye zabibu. Nusu ya mtaa ilikuja, na nusu nyingine ikatuma watoto na masahani. Walikula wakilegeza mikanda.

"Hakuna kama mkono wako, Mama Mkubwa!" Rogaciano akapaza sauti, mdomo umejaa. "Mwakani tena!"

"Mwakani tena!" wakaitikia, na Abundio akasikia sauti yake mwenyewe humo ndani, inaitikia vizuri tu, pamoja na za wenzake.

Simu ya Yadira ikalia. Kina mama walikuwa wametuma picha. Akaipeleka jikoni, Mama Mkubwa akafuta kidole kwenye gauni na kuikuza. Bikira alikuwa katikati ya mashua, amezungukwa na maua, lakini kidole kilimpita, kikasogea pembeni, kwenye maji, kikasogea tena, maji, kikasogea, bado maji.

"Mpana," akasema.

"Unaona, Mama Mkubwa? Ni kama umeenda."

"Mpana kweli," Mama Mkubwa akasema, akamrudishia simu, akarudisha mikono kwenye povu.

Abundio aliingia mwisho, na sahani yake. Njiani alikuwa ameshapanga: atachukua sponji, atamwambia shemeji akae, atasema liwalo na liwe. Mlima wa vyombo ulikuwa umefika kwenye dirisha. Akasimama nyuma yake. Kigauni bado kimebanwa kifuani. Akaitazama ile shingo iliyoinama, mikono ya gauni la bluu iliyolowa mpaka kwenye viwiko. Akaiweka sahani juu ya nyingine, taratibu, ili isitoe sauti.

Mtoto akaanza kulia.

Mama Mkubwa hakugeuka. Aliutoa mkono mmoja kwenye maji, akaupeleka nyuma, ukalipata tumbo bila kulitafuta.

"Haya, haya, bwana mdogo," akasema, mkono wa pili ukiendelea kusugua. "Nipo. Ninakwenda wapi?"